Nani Alipima Nini: Umbo la DNA Lilivyojulikana

Walimu, wanafunzi, na wazazi mliofuatana na vijana wenu, habari za jioni. Nawashukuru walioniita, na nawashukuru ninyi mlioacha shughuli zenu mkaja kusikiliza habari za DNA, molekuli inayobeba urithi ndani ya seli.

Ubaoni nimeandika namba nne: 0.34, 3.4, 2 na 1. Tatu za kwanza ni nanomita, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Ya mwisho haina kipimo, ni uwiano tu. Mwanzoni mwa mwaka 1953, mtu aliyekuwa na namba hizi nne mkononi na kemia ya kutosha kichwani alikuwa na karibu kila alichohitaji ili aseme DNA ina umbo gani. Jioni hii nataka tuifuate kila namba mpaka kwa mtu aliyeipima. Kisa hiki kimezoeleka kusimuliwa kama kisa cha wanaume wawili wa Cambridge waliopata wazo zuri. Wazo walilipata, na lilikuwa zuri kweli, nitalieleza kwa furaha. Lakini wao wenyewe hawakupima hata namba moja kati ya hizi, na kwangu mimi mwanafunzi anayefundishwa wazo bila kuambiwa vipimo vilikotoka amenyimwa nusu ya elimu.

Tuanze na ugumu wenyewe. DNA iliyomo ndani ya seli moja tu ya mwili wako, ukiinyoosha na kuiunga ncha kwa ncha, inafika takriban mita 2. Unene wake ni nanomita 2. Sasa, mwanga tunaouona kwa macho una mawimbi yenye urefu wa nanomita 400 hadi 700. Kitu ambacho wimbi la mwanga limekipita ukubwa mara 200 na zaidi hakionekani kwa hadubini ya mwanga, hata uiwekee lenzi bora kuliko zote duniani. Kwa hiyo asitokee mtu akawaambia kwamba kuna mwanasayansi aliyechungulia akaiona DNA imejisokota, kisha akaichora. Hakuna aliyechungulia. Umbo lilifikiwa kwa kupima vitu vingine vinavyoonekana, kisha kuuliza ni umbo gani linaloweza kuvisababisha vyote kwa pamoja.

Dutu yenyewe ilijulikana zamani. Mwaka 1869, Mswisi mmoja, Friedrich Miescher, akiwa Tübingen nchini Ujerumani, aliomba bandeji chafu kutoka hospitali, akakusanya seli za usaha, na kutoka kwenye viini vya seli hizo akapata kitu cheupe chenye fosforasi nyingi ambacho hakikufanana na protini. Baadaye, huko New York, Phoebus Levene akatambua vijenzi vyake: fosfeti, sukari, na aina nne za besi, yaani adenini, thimini, guanini na sitosini. Nitaziita A, T, G na C. Levene alifanya kazi kubwa, lakini alidhani besi hizo nne zinajirudia kwa kiasi sawa, kundi kwa kundi, mwanzo hadi mwisho. Kitu kinachojirudia hivyo hakiwezi kubeba habari yoyote. Ndiyo maana kwa miaka mingi wataalamu wa urithi waliipuuza DNA wakaielekea protini, ambayo ina amino asidi za aina 20 na inaonekana ina mengi ya kusema.

Aliyewageuza, au aliyepaswa kuwageuza wote, ni Oswald Avery wa Taasisi ya Rockefeller. Tangu majaribio ya Frederick Griffith ya mwaka 1928 ilijulikana kwamba bakteria wa nimonia wasio na madhara hugeuka wakali wakichanganywa na mabaki ya bakteria wakali waliokwisha kuuawa, na kizazi chao hubaki kikali. Kuna kitu kilikuwa kinatoka kwa wafu kikaingia kwa walio hai. Avery, pamoja na Colin MacLeod na Maclyn McCarty, alikitafuta kitu hicho kwa subira ya ajabu. Walivunja protini kwa vimeng'enya. Uwezo ule ukabaki. Walivunja RNA, ndugu wa karibu wa DNA, ukabaki. Walitia kimeng'enya kinachoivunja DNA, ukapotea. Walichapisha mwaka 1944, Avery akiwa na umri wa kustaafu. Wengi walisita kuamini, lakini msomaji mmoja wa Chuo Kikuu cha Columbia aliamini mara moja, akaacha alichokuwa akikifanya. Huyo ni Erwin Chargaff, na namba 1 pale ubaoni ni yake.

Chargaff alitumia mbinu ambayo hata shule zenu zinaweza kuifanya kwa kiasi. Unaivunja DNA hadi besi ziachane, unatia tone kwenye karatasi ya kuchujia, unaacha kimiminika kisafiri ndani ya karatasi. Kila besi inakokotwa kwa mwendo wake, kwa hiyo mwishoni zimetengana, kila moja imebaki mahali pake. Unakata kila doa, unaiyeyusha besi, unapima wingi wake kwa kuangalia inafyonza kiasi gani cha miali ya urujuanimno. Akapima hivyo DNA ya ng'ombe, ya binadamu, ya hamira, ya bakteria. Jambo la kwanza alilolipata ni kwamba dhana ya Levene imekufa: besi haziko sawa, na kila kiumbe ana mgawanyo wake. Jambo la pili ndilo la ajabu. Katika DNA ya binadamu, A ni karibu asilimia 30, na T nayo ni karibu asilimia 30. G ni karibu asilimia 20, na C nayo hivyo hivyo. Nenda kwa kiumbe mwingine, asilimia zinabadilika, lakini A inabaki sawa na T, na G sawa na C. Ukigawa moja kwa mwenzake unapata 1, au karibu sana na 1. Chargaff aliyachapisha haya mwaka 1950. Kwa nini iwe hivyo, hakueleza. Jibu halikuwa ndani ya kemia peke yake.

Namba ya 0.34 ni kongwe zaidi. Inatoka Leeds, kaskazini mwa Uingereza, mji wa viwanda vya sufu. Pale William Astbury alikuwa akichunguza nyuzi za sufu kwa miali ya eksirei ili viwanda vielewe kwa nini sufu inavutika. Mwanafunzi wake, Florence Bell, alichukua utando wa DNA uliokaushwa na kuvutwa, akaupiga miali hiyo hiyo. Mwaka 1938 walichapisha kwamba ndani ya DNA kuna kitu kinachojirudia kila baada ya nanomita 0.34. Walitafsiri, na walikuwa sahihi, kwamba besi ni bapa na zimelaliana moja juu ya nyingine kwa umbali huo. Jina la Bell husahaulika sana. Naomba mliandike.

Sasa nieleze miali ya eksirei inawezaje kupima kitu kisichoonekana, maana hapa ndipo wengi huambiwa "walipiga picha ya DNA" wakaachwa hewani. Usiku huu mkirudi nyumbani, chukueni mtandio wa kitambaa chembamba, uvuteni ukakamae mbele ya jicho, kisha mtazame taa ya barabarani iliyo mbali. Hamtaona taa moja. Mtaona taa ya katikati, na kuizunguka mtaona madoa ya mwanga yaliyopangika kwa mistari kama msalaba. Zungusheni mtandio, msalaba utazunguka nao. Chukueni kitambaa ambacho nyuzi zake zimebanana zaidi, madoa yataachana zaidi. Hamjaona uzi hata mmoja, lakini kutokana na madoa yale mnaweza kukokotoa nyuzi zimeachana kiasi gani na zimeelekea wapi. Mwanga ulipopita kati ya nyuzi ulitawanyika, mawimbi yakakutana. Mahali fulani yakaongezeana nguvu, mahali pengine yakauana.

Eksirei ni mwanga wa aina hiyo hiyo, ila wimbi lake ni fupi mno, kama nanomita 0.15 kwa mashine walizotumia wao. Hiyo ni saizi ya umbali kati ya atomu na atomu. Kwa hiyo atomu zilizopangika kwa utaratibu huzitawanya eksirei jinsi mtandio unavyoutawanya mwanga wa taa, na madoa yanaandikwa kwenye filamu. Kanuni ya kukumbuka ni moja: vitu vilivyokaribiana huandika madoa yaliyo mbali na katikati, vilivyo mbalimbali huandika madoa yaliyo karibu. Mambo yamegeuzwa. Inabidi ufikiri kinyumenyume, na zaidi ya hapo filamu inakuambia nguvu ya kila doa lakini haikuambii wimbi lilifika likiwa juu au chini. Nusu ya habari imepotea. Ndiyo maana kusoma filamu hizi ni taaluma kamili ya hesabu, na ndiyo maana kuwa na picha nzuri si sawa na kuwa na jibu. Pale Leeds mwaka 1951, Elwyn Beighton, msaidizi wa Astbury, alipata picha za DNA zinazofanana sana na ile iliyokuja kuwa maarufu. Astbury alikuwa nazo, na hakuziendeleza.

Twende London, King's College. Mkuu wa kitengo cha fizikia ya viumbe alikuwa John Randall, na msaidizi wake alikuwa Maurice Wilkins, mzaliwa wa New Zealand. Mwaka 1950 Rudolf Signer wa Bern aliwagawia wenzake DNA safi kuliko iliyowahi kupatikana, na Wilkins akapata sehemu. Wilkins aligundua kwamba ukichovya kijiti cha kioo kwenye ute wa DNA na kukiinua taratibu, unatoka uzi mwembamba ulionyooka sana. Yeye na mwanafunzi Raymond Gosling wakazipiga eksirei nyuzi hizo zikiwa na unyevu, wakapata madoa makali kuliko yote yaliyotangulia.

Januari 1951 akafika Rosalind Franklin. Alikuwa na umri wa miaka 30, mzaliwa wa London, msomi wa Cambridge, amejijengea jina kwa utafiti wa makaa ya mawe, na alikuwa amekaa miaka kadhaa Paris akijifunza eksirei kwa undani. Randall alikuwa amemwandikia barua ikimaanisha kwamba kazi ya eksirei juu ya DNA itakuwa mikononi mwake na Gosling. Wilkins hakuambiwa. Yeye alidhani amepata msaidizi, Franklin alijua amekabidhiwa kazi yake mwenyewe. Mengi yamesemwa juu ya tabia ya Franklin na upole wa Wilkins, na mimi sitayarudia, kwa sababu chanzo kikubwa cha ugomvi ule ni kiongozi aliyewaambia watu wawili mambo mawili tofauti.

Kazi aliyoifanya Franklin ndiyo inayonileta hapa. Kwanza alitawala unyevu. Alipitisha hewa ya hidrojeni kwenye maji yenye chumvi za aina mbalimbali ili uzi wa DNA ukae kwenye unyevu anaoutaka yeye, na akagundua kwamba DNA ina maumbo mawili. Kwenye unyevu wa kama asilimia 75 inakuwa fupi na yenye mpangilio wa fuwele; akaiita umbo A. Ukizidisha unyevu hadi asilimia 90 na kitu, uzi unarefuka ghafla na kuwa umbo B. Kabla yake watu walikuwa wakipiga picha za mchanganyiko wa A na B bila kujua. Fikirini mnasoma kurasa mbili zilizochapwa moja juu ya nyingine. Yeye alizitenganisha.

Pili, kutokana na jinsi uzi unavyonywa maji na kuyatoa kwa urahisi, alihitimisha kwamba fosfeti ziko nje. Fosfeti zina chaji na zinapenda maji, na maji yanaweza kuzifikia. Hili alilisema katika mhadhara wake wa Novemba 1951. Katika ukumbi ule alikuwepo kijana Mmarekani wa miaka 23, James Watson, aliyekuwa amefika Cambridge muda si mrefu. Watson hakuandika chochote. Aliporudi kwa mwenzake, Francis Crick, alimpa kiasi cha maji kisicho sahihi, na kwa siku chache wakaunda modeli ya nyuzi tatu, fosfeti zikiwa katikati. Wakawaita watu wa King's waje waone. Franklin aliuliza maji yako wapi, na modeli ikafa siku hiyo hiyo. Mkuu wa Cavendish, maabara yao ya Cambridge, Lawrence Bragg, akawaamuru waiachie King's kazi ya DNA.

Mei 1952 Franklin na Gosling wakapata picha ya umbo B waliyoipa namba 51. Uzi mmoja mwembamba ulikaa mbele ya eksirei kwa zaidi ya saa 60. Tuisome picha hiyo, maana ndipo penye namba 3.4.

Kitu cha kwanza mnachokiona ni madoa yaliyopangika kama herufi X. Uzi uliojisokota, ukiutazama kwa ubavu, unakwenda mshazari kulia, kisha mshazari kushoto, kulia, kushoto. Kila mshazari unayatawanya mawimbi kuelekea upande unaokatizana nao, kwa hiyo mishazari miwili inaandika mikono miwili inayopishana. X ni sahihi ya msokoto. Hesabu za jambo hili zilikuwa zimekwisha kufanywa: Crick alikuwa mmoja wa waliozichapisha, na Alexander Stokes wa King's alizipata kwa njia yake mwenyewe. Kitu cha pili ni mistari ya madoa inayopandana kwa nafasi sawa. Nafasi hiyo, ukiigeuza kwa kanuni yetu ya kinyumenyume, inatoa nanomita 3.4: msokoto unakamilisha mzunguko mmoja kila baada ya urefu huo. Kitu cha tatu ni doa pana na jeusi juu kabisa na jingine chini kabisa. Lile ni mstari wa kumi, na linatoa nanomita 0.34, namba ileile ya Bell na Astbury. Gawa 3.4 kwa 0.34 upate 10, yaani besi kumi kwa kila mzunguko. Na kitu cha nne ni kile kisichokuwepo: mstari wa nne haupo. Nyuzi mbili zilizosokotana bila kupishana nusu kwa nusu, zikaachana kwa sehemu tatu kati ya nane za mzunguko, huuana mawimbi mahali hapo hapo. Pengo katika picha linasema nyuzi ni mbili.

Namba 2, unene wa msokoto, nayo ilitoka King's, kwa vipimo vya nyuzi zinavyopangana. Hapo namba zote nne zipo duniani, na bado hakuna jibu.

Franklin hakuikimbilia picha namba 51. Aliiweka kando akaendelea na umbo A, lenye madoa mengi na makali, kwa sababu umbo lenye data nyingi linaweza kutatuliwa kwa hesabu bila kubahatisha. Wapo wanaosema alikosea. Mimi naona alifanya alivyofunzwa mtu makini kufanya, na kama hakuna aliyekuwa akikimbia pembeni yake angefika. Daftari lake la Februari 1953 linaonyesha alikuwa amekwisha kuona kwamba maumbo yote mawili yana nyuzi mbili, na kwamba besi zikipangika kwa mfuatano wowote, DNA inaweza kueleza utofauti wa viumbe.

Lakini wa kukimbia alikuwepo. Mwishoni mwa Januari 1953 Cambridge ikapata nakala ya makala ya Linus Pauling wa California, mkemia mkubwa kuliko wote wa wakati ule, iliyopendekeza modeli ya nyuzi tatu, fosfeti katikati. Ilikuwa na kosa zito: fosfeti zake hazikuwa na chaji, na bila hiyo asidi si asidi tena. Watson alijua Pauling atalitambua kosa baada ya wiki chache. Tarehe 30 Januari alikwenda King's na nakala hiyo, na huko Wilkins akamwonyesha picha namba 51. Wilkins alikuwa ameipata kwa Gosling, maana Franklin alikuwa anahamia Birkbeck, chuo kingine cha London, na Gosling alikuwa anarudi chini ya Wilkins. Wiki zilizofuata Crick akaisoma pia ripoti ya kazi za King's iliyoandaliwa Desemba 1952 kwa ajili ya kamati ya wafadhili; Max Perutz wa Cavendish alikuwa mjumbe wa kamati hiyo, akawapa.

Ripoti ile ilikuwa na vipimo vya Franklin vya umbo A, pamoja na aina ya ulinganifu wa fuwele zake. Crick aliposoma alishtuka, kwa sababu himoglobini ya farasi, protini ya damu aliyokuwa akiishughulikia katika masomo yake ya udaktari, ina ulinganifu huo huo na alikuwa akiufahamu kwa undani. Maana yake ni kwamba ukiipindua molekuli juu chini inabaki ilivyo. Basi nyuzi mbili zinakwenda pande zinazopingana, mmoja unapanda, mwingine unashuka. Franklin alikuwa na kipimo hicho tangu awali lakini hakukipa maana hiyo. Ninasema yote mawili kwa sababu yote mawili ni kweli.

Je, aliibiwa? Swali hili hunifikia kila ninapozungumza habari hizi. Ripoti haikuwa ya siri, na mwaka 2023 Matthew Cobb na Nathaniel Comfort walichapisha barua na rasimu za wakati ule zinazoonyesha kwamba Franklin alijua Cambridge wana habari za kazi yake, na kwamba kulikuwa na fikra ya kuieleza kazi yote kama kazi ya makundi mawili yanayosaidiana. Kwa hiyo picha ya mwizi na aliyeibiwa ni nyepesi mno. Lakini hakuna aliyemwomba ruhusa, wala aliyemwambia waziwazi baadaye kiasi gani cha data yake kilitumika. Alistahili kuombwa, na alistahili kuambiwa.

Sasa kilichobaki kilikuwa ndani ya msokoto. Nyuzi za sukari na fosfeti nje, besi ndani: zinakaaje? A na G ni besi pana, zina pete mbili. T na C ni nyembamba, pete moja. Watson alijaribu kwanza kuoanisha zinazofanana, A na A, G na G. Pana kwa pana, msokoto unavimba. Nyembamba kwa nyembamba, unabonyea. Haikubaliani na namba 2, iliyo ile ile urefu mzima. Kisha Jerry Donohue, mtaalamu wa fuwele kutoka Marekani aliyekuwa anakaa nao ofisi moja, akamwambia kwamba michoro ya besi iliyomo vitabuni ina kasoro: atomu za hidrojeni za G na T zimechorwa mahali pasipo pake. Angekaa chumba kingine, sijui kama lingetokea walau mwaka ule. Na palikuwa na vipimo vya kuegemea, kwa sababu hapo hapo Cambridge June Broomhead alikuwa amepima fuwele za adenini na guanini na kuonyesha hidrojeni zinavyoshikamana.

Karakana ilikuwa haijamaliza vipande vya bati vya modeli, hivyo Watson akakata besi za kadibodi. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 28 Februari 1953, alikuwa akizisogeza mezani akaona kwamba A ikishikana na T kwa vifungo vya hidrojeni, jozi hiyo ina umbo na upana ule ule wa jozi ya G na C. Pana na nyembamba, kila mara. Zote mbili zinaingia kwenye msokoto bila kuuvimbisha wala kuubonyeza. Na papo hapo namba 1 ya Chargaff ikapata maelezo yake: A ni sawa na T kwa sababu kila A imeshikwa na T yake. Crick alipoingia alitazama akaona kwamba jozi hizo zinakubaliana pia na nyuzi zinazopingana mwelekeo. Walichora vifungo viwili kwa kila jozi. Miaka mitatu baadaye Pauling na Robert Corey walionyesha kwamba G na C wana vitatu.

Modeli ilisimama mwanzoni mwa Machi. Franklin alikuja kuitazama akaikubali bila ubishi, kwa kuwa iliafikiana na vipimo vyake. Tarehe 25 Aprili jarida la Nature likachapisha makala tatu mfululizo: ya Watson na Crick, iliyozidi kidogo ukurasa mmoja, ikiwa na mchoro wa Odile Crick, mkewe Francis, ya Wilkins, Stokes na Herbert Wilson, na ya Franklin na Gosling, ikiwa na picha namba 51. Msomaji wa siku ile aliiona makala ya Franklin kama uthibitisho uliofuata baada ya wazo. Mpangilio wa kurasa uligeuza mpangilio wa matukio. Wilkins naye alitumia miaka saba na zaidi akiirekebisha na kuithibitisha modeli kwa data bora, kazi isiyo na sifa ambayo bila hiyo modeli ingebaki pendekezo.

Franklin alikwenda Birkbeck akafanya kazi ya hali ya juu juu ya virusi. Alifariki kwa saratani tarehe 16 Aprili 1958, akiwa na umri wa miaka 37. Nobel ya mwaka 1962 ilikwenda kwa Watson, Crick na Wilkins.

Mwaka ule aliofariki, Matthew Meselson na Franklin Stahl, huko California, walipima kile ambacho modeli ilikuwa imekitabiri. Walikuza bakteria kwenye nitrojeni nzito, wakawahamishia kwenye nitrojeni ya kawaida, na baada ya kizazi kimoja wakaizungusha DNA kwa kasi kubwa kwenye chumvi nzito ili ijipange kwa uzito. Ilikaa katikati kabisa: uzi mmoja wa zamani, mmoja mpya. Nyuzi zinaachana, na kila mmoja unajijengea mwenzake, A ikiita T, G ikiita C.

Nimalizie na jambo lililo karibu nasi zaidi ya Cambridge. Mwaka 1949 Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya mgonjwa wa selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyosema, ni tofauti kwa umbile na ya mtu mwingine. Mwaka huo huo Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu huku kwetu akaona kwamba wanaoibeba alama ya selimundu ni zaidi ya watu 20 katika 100 pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni wachache mno kwenye nyanda za juu. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba alama hiyo inamkinga mtu dhidi ya malaria. Kisha Vernon Ingram, katika maabara ile ile ya Cavendish, akaonyesha kati ya mwaka 1956 na 1957 kwamba tofauti yote ni amino asidi moja. Leo tunajua mahali penyewe katika DNA: pale ambapo palipaswa kuwa na A inayoshikana na T, pana T inayoshikana na A. Jozi moja, katika jozi bilioni 3. Mtoto mwenye selimundu amezirithi nakala mbili zenye badiliko hilo, moja kwa baba, moja kwa mama.

Naona mikono imekwisha kunyoosheka. Tuanze na yule binti wa mstari wa tatu.